Chupa ya Kulowekea na Chupa ya Kunyweshea

Waokaji wengi wa keki ya matunda ya Krismasi hununua chupa moja ya brandi na kuifanyisha kazi mbili. Wanalowekea zabibu, na keki ikishaiva wanaendelea kuinywesha brandi ileile kila wiki hadi sikukuu. Mgeni akiuliza kama keki ina pombe, anajibiwa kwamba ilikuwemo ila yote imeishia motoni. Naoka keki hizi Dar es Salaam, na baada ya kupiga hesabu ya kila kijiko nimeacha utaratibu huo wa chupa moja. Jibu lile kwa mgeni nimeliacha pia.

Tuanze na kuloweka. Kwa kilo 1 ya matunda makavu, yaani zabibu, tende zilizokatwakatwa, cheri na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, natumia mililita 150 za kinywaji. Nayaweka kwenye chupa pana yenye mfuniko na kuyageuza kila siku, kwa siku tatu hadi wiki nzima. Zabibu iliyokauka ina kiu. Usipoinywesha mapema, itafyonza maji ya unga wakati wa kuoka na keki itatoka kavu. Kazi kubwa ya hatua hii basi ni unyevu. Harufu nayo inaingia, kwa sababu alkoholi huyeyusha mafuta ya maganda ya machungwa, mdalasini na karafuu vizuri kuliko maji, ikayatawanya ndani ya matunda.

Kisha keki inakaa ovenini kwa moto mdogo, nyuzi 150, kwa takriban saa 3. Alkoholi tupu huchemka kwenye nyuzi 78, na hapo ndipo imani ya kwamba yote huruka ilipozaliwa. Lakini ndani ya keki alkoholi imechanganyika na maji, nayo huondoka kidogo kidogo. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kuwa chakula kilichochanganywa na pombe na kupikwa kwa saa 1 hubaki na kama asilimia 25 ya alkoholi yake. Kikipikwa saa 2 na nusu, hubaki asilimia 5.

Sasa tuhesabu. Mililita 150 za brandi yenye nguvu ya asilimia 40 zina mililita 60 za alkoholi. Kwa jedwali lile, zinazobaki ni kama mililita 3. Tuseme tunda zito limeificha pombe, zikabaki mara tatu ya hapo. Bado ni mililita 9 tu. Keki ikipoa, unaitoboa kwa kijiti cha mshikaki na kuinywesha vijiko vikubwa viwili, yaani mililita 30, mara nne kabla ya Krismasi. Hizo ni mililita 120 za brandi, zenye mililita 48 za alkoholi, na hakuna moto wowote unaozigusa tena. Karibu pombe yote anayoionja mlaji ni ile iliyoingia baada ya oveni kuzimwa. Wanaomimina brandi ya bei juu ya zabibu na kumalizia kunywesha kwa chochote kilichobaki kabatini wanapoteza fedha yao mahali pasipoonja mtu.

Kwa kulowekea, basi, kinywaji cha bei nafuu kinatosha. Divai tamu nyekundu inafaa sana hapa, na Dodoma inatupatia zabibu za divai bila kwenda mbali. Konyagi inafaa pia, hasa ukiitia ganda la chungwa na karafuu mbili siku chache kabla, kwa kuwa yenyewe haina ladha ya pipa. Hata chai nzito ya rangi iliyokamuliwa chungwa inalowesha matunda vizuri. Jini siipendekezi; harufu yake ya mreteni inapigana na mdalasini. Wiski yenye moshi nayo ibaki kwenye glasi.

Kwenye kunywesha ndipo nguvu ya kinywaji inapoamua kila kitu. Niliwahi kugawa unga mmoja katika mabati mawili. Keki ya kwanza niliinywesha brandi, ya pili divai nyekundu, kwa vijiko sawa, zote nikazifunga kwa karatasi ya kuokea na foili na kuziweka kabati moja. Wiki ya tatu ile ya divai ilikuwa na madoa ya ukungu kuzunguka matundu ya kijiti. Ya brandi ilifika Krismasi salama.

Sababu inaonekana ukiangalia kilichomo kijikoni. Mililita 30 za brandi zina alkoholi mililita 12 na maji kama 18. Kiasi hichohicho cha divai ya asilimia 12 kina alkoholi chini ya mililita 4. Kinachobaki karibu chote ni maji. Kwa kuinywesha mara nne umeimwagia keki zaidi ya mililita 100 za maji, na ukungu haukuhitaji kingine. Hata brandi haiilindi keki yote: mililita 48 katika keki ya kilo 2 ni kidogo mno kuua vijidudu. Ndani inalindwa na sukari, ile uliyoitia na ile ya zabibu, inayoyashika maji yasitumike. Pombe kali inalinda uso, na ukungu huanzia usoni.

Keki itadumu muda gani hutegemea pia mahali inapokaa. Mwaka 2017 wahifadhi wa Antarctic Heritage Trust ya New Zealand walitangaza kwamba katika kibanda cha Cape Adare walikuta keki ya matunda ya Huntley & Palmers yenye umri wa karibu miaka 106, kopo limeliwa na kutu lakini keki ingali na umbo lake. Baridi ya Antaktika ilisaidia sana. Vitabu vingi vya mapishi ya keki hii viliandikwa kwa ajili ya nyumba za Uingereza, ambako Novemba kabati ni baridi. Novemba ya Dar es Salaam ni ya joto na unyevunyevu, na maelekezo ya miezi mitatu kabatini hayatufai. Mimi naoka mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, nanywesha mara nne, na naacha wiki moja kabla ya kuifunika kwa lozi na aisingi ili uso ukauke.

Chupa ya kunyweshea iwe na asilimia 40, au karibu na hapo. Soma lebo kabla ya kulipa. Brandi inatoka kwenye zabibu, ndiyo maana inakaa vizuri na keki yenye zabibu nyingi na lozi. Rumu nyeusi inatoka kwenye molasi ya miwa, na kwenye keki yenye tende na sukari guru naichagua bila kusita. Amarula ina asilimia 17 na ina krimu ya maziwa. Usiinyweshee keki itakayokaa kabatini. Na keki iliyolowekwa kwa chai usiinyweshe juisi baadaye: uile mapema, au uigandishe kwenye friza.

Kipande cha gramu 80 cha keki niliyoieleza kinaweza kubeba alkoholi kama mililita 2. Ni kidogo, lakini kipo, na mwenye haki ya kuamua ni anayekula. Wapo wageni Waislamu, wapo walioacha pombe kwa taabu, wapo watoto na wajawazito. Bandika karatasi juu ya kopo uandike kilichomo, na uwaambie kabla ya kukata.