"Kuimarisha" Hakutoshi: Uhakiki wa Istilahi za Mwamba Dhaifu na Tundu la Kisima

Miongoni mwa maneno yanayotumika kupita kiasi katika maandishi yetu ya kiserikali na ya kitaalamu, neno "kuimarisha" halina mshindani. Tunaimarisha uchumi, tunaimarisha ulinzi, tunaimarisha afya ya mama na mtoto, tunaimarisha umoja. Katika hotuba, mazoea hayo hayana madhara makubwa, kwani msikilizaji hatazamii kupima kitu. Lakini neno hilohilo linapoingia katika taaluma ya kuchoronga visima vya mafuta na gesi, ambamo kila jambo hupimwa, hatuna budi kuuliza: ni nini hasa kinachoimarishwa, kwa njia gani, na kwa kusudi gani?

Tuchukue utaratibu mmoja tu wa taaluma hiyo, nao ni ule wa kutia kemikali katika mwamba dhaifu wenye mafuta au gesi ili tundu la kisima lisibomoke. Mfasiri mwenye haraka ataandika: "Kemikali hutumika kuimarisha mwamba ili kuimarisha kisima." Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro, lakini kwa maana ni tupu. Njia na lengo vimepewa jina moja, na msomaji hawezi kujua kipi kimefanywa ili kuleta kipi. Tunaonelea kwamba ndani ya "kuimarisha" huko yamefichwa mambo matatu yasiyofanana, na kwamba ni wajibu wa mwanaistilahi kuyatenga.

Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe. Mafuta na gesi havikai chini ya ardhi kama maji ya ziwa. Hukaa ndani ya vinyweleo vya mwamba, mara nyingi katika miamba mashapo iliyofanyika kwa mchanga. Iko miamba ambayo chembe zake za mchanga hazikufungamana barabara. Mwamba wa namna hiyo ukichorongwa, ukuta wa tundu humeguka. Na kisima kikianza kutoa, mchanga hufuatana na mafuta au gesi, ukala mabomba na vali. Sababu yake inajulikana tangu zamani. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani aitwaye Kirsch alionyesha kwamba bamba lenye tundu la duara likivutwa kwa upande mmoja, mkazo ulio ukingoni mwa tundu hufikia mara 3 ya ule ulio mbali nalo. Vivyo hivyo chini ya ardhi: mzigo uliokuwa ukibebwa na sehemu ya mwamba iliyoondolewa huhamia ukutani mwa tundu. Wakati wa kuchoronga, ukuta huo husaidiwa na uzito wa tope linalojazwa tunduni. Tope likiwa jepesi mno, ukuta huporomokea ndani. Likiwa zito mno, mwamba hupasuka na tope likapotelea humo.

Kutokana na maelezo hayo twaona tofauti ya kwanza. Kuna sifa iliyo ya mwamba wenyewe, yaani kiasi cha mzigo unachoweza kubeba kabla ya kuvunjika. Kuna na hali iliyo ya tundu, yaani kubaki wazi na katika umbo lake. Mwamba wenye nguvu nyingi waweza kuwa na tundu linalobomoka, endapo mkazo wa mahali pale ni mkubwa au tope halina uzito wa kutosha. Na mwamba dhaifu waweza kuwa na tundu lililotulia kwa sababu uzito wa tope umepimwa vema. Basi vitu hivi viwili haviwezi kuitwa "uimara" vyote. Kwa sifa ya mwamba tunapendekeza "uhimili", kutokana na kuhimili mzigo. Kwa hali ya tundu tunapendekeza "uthabiti", neno ambalo tayari lina wazo la kitu kilichosimama mahali pake. Wako wanaopenda kuita sifa ya mwamba "ugumu". Hatuafikiani nao. Kioo ni kigumu, lakini hakuna fundi atakayekitegemea kubeba boriti.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya kazi yenyewe ya kemikali. Katika kazi hii mafundi husukuma kwanza kiowevu cha kusafisha chembe za mchanga, kisha resini, kama vile epoksi au furani, iliyoyeyushwa iwe nyepesi. Mara nyingi hufuatishwa kiowevu cha tatu, ambacho huisukuma nje ya vinyweleo resini iliyozidi, ili ibaki kama utandu mwembamba tu pale chembe zinapogusana. Resini hiyo huachwa ikauke na kuwa ngumu. Kusudi lote ni chembe zishikane na huku njia za mafuta zikibaki wazi. Upitishaji wa mwamba hupungua kwa kiasi fulani, na mafundi hujitahidi upungufu huo uwe mdogo.

Sasa fikirini, ndugu wasomaji, mfasiri anayeiita kazi hiyo "kuziba mwamba kwa kemikali". Ameandika kinyume cha kusudi lake. Mwamba uliozibwa hautoi kitu, na kisima chake kimekufa. Kosa hilo, hata hivyo, lina asili inayoeleweka. Katika miaka ya 1920 Joosten alianzisha njia ya kutia silikati ya sodiamu ardhini na kufuatisha kloridi ya kalsiamu, ili udongo wa chini ya misingi na wa kando ya mahandaki ugande. Huko vinyweleo hujazwa na maji huzuiwa, kwa hiyo "kuziba" ni neno la haki. Kazi hizo mbili ni za ukoo mmoja na vitabu huzitaja pamoja, lakini moja huyafunga maji na nyingine huyaachia mafuta njia. Istilahi isiyoonyesha tofauti hiyo haijafanya kazi yake.

Kwa ajili hiyo tunapendekeza "kushikamanisha" kwa kitendo, na "ushikamanishaji wa mchanga" kwa jina la kazi. Pengine itasemwa kwamba neno hili limechukuliwa na siasa, na kwamba msomaji atawaza mshikamano wa wafanyakazi. Jibu letu ni kwamba siasa ililiazima neno hilo kutoka katika vitu vinavyogusana na kushikana. Kulirudisha kwenye chembe za mchanga si kulipotosha. Majina kama resini na epoksi ni ya vitu, nayo yaazimwe bila wasiwasi. Lakini kwa vitendo, lugha yetu ina hazina yake: kushikamanisha, kuziba, kukandika, kupasua, kupenyeza. Utandu ambao tope huuacha juu ya ukuta wa tundu umekandikwa, resini imepenyezwa.

Tofauti ya tatu yahusu neno "hifadhi", ambalo wengi hulitumia kwa mwamba wenye mafuta. Likisimama peke yake, neno hili humfanya msomaji awaze tangi kubwa, na tena lina mwenyewe katika sheria za wanyamapori. Nchini Uganda, sehemu ya eneo la mafuta la Tilenga imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Katika habari za huko, maneno "kisima kilichochorongwa katika hifadhi" yana maana mbili, na zote zinawezekana. Tunashauri iandikwe "mwamba hifadhi", bila kufupisha.

Huenda wako watakaoona kwamba haya ni mambo ya wahandisi, nao wanaelewana kwa Kiingereza. Hatukubali. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004. Mradi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, umezihusu wilaya nyingi ambazo lugha ya mikutano ni Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimetamkwa kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Siku itafika ambapo hakimu atausoma mkataba kwa Kiswahili na kuamua kama mkandarasi alitakiwa kuziba au kushikamanisha. Mwanakijiji naye, akiambiwa kwamba ardhi "itaimarishwa kwa kemikali", ana haki ya kuelewa ni ardhi ipi, na kwa kina na upana gani.

Jibu la kweli ni kwamba dawa hii kwa kawaida hufika karibu mita moja tu kutoka tunduni. Haizuii mwamba mzima kubonyea. Huko Ekofisk, katika Bahari ya Kaskazini, mwamba dhaifu wa chaki ulibonyea kwa kutolewa mafuta na gesi, sakafu ya bahari ikadidimia, na mwaka 1987 majukwaa ya chuma yakainuliwa kwa mita 6. Mtu aliyeahidiwa "kuimarishwa kwa mwamba" anaweza kudhani amekingwa na jambo kama hilo. Aliyeambiwa "ushikamanishaji wa mchanga kandokando ya tundu la kisima" hatadhani hivyo.

Basi sentensi tuliyoanza nayo twaweza kuiandika hivi: "Resini hupenyezwa ili kushikamanisha chembe za mwamba hifadhi, kuongeza uhimili wake na kulinda uthabiti wa tundu la kisima." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini mhandisi aweza kuipima na mwalimu aweza kuifundisha. Tunaliomba Baraza liyafikirie mapendekezo haya kabla matumizi holela hayajaota mizizi. Tunawaomba pia wasomaji, hasa mafundi wa visima vya maji na waashi, watuletee maneno wanayoyatumia kazini kwa mambo haya, kwani yawezekana kwamba lililo bora zaidi bado halijaandikwa.