Sura ya Mji na Kiini Chake: Mji Gani Unafanana na Mji wa Marekani?

Ndugu zetu wengi wanaporudi kutoka safari za ng'ambo huwa na kauli moja: "Mji ule ni Marekani tupu." Mmoja ametoka Toronto, mwingine Dubai, wa tatu Sydney au Johannesburg. Ukimwuliza sababu, atakutajia majumba marefu ya vioo, maduka makubwa yenye hewa baridi, na magari yasiyohesabika. Kauli hii isichukuliwe kuwa ni maneno ya barazani tu. Mtu anayeutambua mji kwa kutazama juu ndiye huyo huyo atakayekaa kesho katika kamati ya mipango miji, na ataanza kuagiza kile alichokiona.

Kosa la msingi la kauli hii ni kuchukua sura ya nje ya kitu na kuifanya kiini chake. Washington ni mji mkuu wa Marekani, lakini hauna majumba marefu; sheria ya mwaka 1910 iliyazuia. Hong Kong ina majumba marefu mengi kupita New York, ila watu wake wengi husafiri kwa treni na mabasi, na huko mtu asiye na gari si mtu wa kuhurumiwa. Kama kipimo ni ghorofa, basi Washington si ya Kimarekani na Hong Kong ndiyo ya Kimarekani zaidi. Kipimo cha namna hiyo hakifai.

Hebu basi tutazame jinsi mji wa Marekani ulivyojengwa, maana haukuota kama uyoga. Mwaka 1934 serikali ya Marekani iliunda idara ya kudhamini mikopo ya nyumba. Mtu mweupe aliyetaka kununua nyumba mpya nje ya mji alipata mkopo wa masharti nafuu na wa miaka mingi. Mitaa ya watu weusi ilipakwa rangi nyekundu katika ramani na kunyimwa dhamana. Mwaka 1947 ukaanza kujengwa mji wa Levittown karibu na New York: maelfu ya nyumba za mfano mmoja, kila moja na kiwanja chake, na mtu mweusi haruhusiwi. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya barabara kuu, ambayo serikali kuu iligharimia asilimia 90 ya ujenzi. Barabara hizo zilihitaji mahali pa kupita katikati ya miji, na mara nyingi zilipitishwa juu ya mitaa ya weusi. Mjini Detroit, mtaa wa Black Bottom pamoja na barabara yake ya Hastings, iliyokuwa na maduka na kumbi za muziki, ulibomolewa na barabara kuu ikapita hapo. Kazi na kodi zikawafuata wenye magari nje ya mji. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, sensa ya mwaka 2020 iliwakuta kama 639,000.

Hiki ndicho kiini. Mji wa Marekani ni namna ya kugawa ardhi, mikopo na safari ya kwenda kazini, hivi kwamba tabaka moja hukaa mbali kwa hiari na jingine hukaa mbali kwa kulazimishwa, na katikati yao ni lami.

Kwa kipimo hiki Toronto, ambayo wapiga picha za sinema huitumia mara kwa mara badala ya New York, inafanana na Marekani kwa uso zaidi kuliko kwa moyo. Treni yake ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1954. Ulipoletwa mpango wa barabara kuu ya Spadina iliyokusudiwa kukata mitaa ya katikati ya mji, wakazi walipinga. Miongoni mwao alikuwamo Jane Jacobs, mwandishi aliyehamia huko mwaka 1968 baada ya kupigana vita hiyo hiyo New York. Mwaka 1971 serikali ya jimbo iliusimamisha mradi ule, na tramu, ambazo miji mingi ya Marekani ilikwisha kuzing'oa, zikabaki barabarani. Si kwamba Toronto haina vitongoji vya magari, inavyo vingi. Ila wananchi wake walipata nafasi ya kusema hapana. (Tukumbuke kwamba mpango wa kwanza wa makao makuu yetu Dodoma, wa mwaka 1976, ulichorwa na kampuni ya Toronto, nao uliweka basi na mwenda kwa miguu mbele.)

Kuhusu Dubai tusipoteze muda mwingi. Burj Khalifa, lenye mita 828, lilifunguliwa mwaka 2010 nalo lilisanifiwa na kampuni iliyoanzia Chicago. Lakini waliolijenga walikuwa wafanyakazi wa kigeni wanaolala katika kambi za pembezoni. Hao hawana mkopo wa nyumba wala kura, na mfano wao tuutafute kwingine, si Detroit.

Johannesburg ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa makini. Mji huu ulizaliwa na dhahabu mwaka 1886. Jumba lake la Carlton Centre, lenye mita 223, lilimalizika mwaka 1973, na hadi mwaka 2019 hapakuwa na jumba refu kulipita Afrika nzima. Lilisanifiwa na Skidmore, Owings & Merrill, kampuni ile ile ya Burj Khalifa. Msafiri wetu angeishia hapo. Sisi tuendelee mbele.

Mwaka 1950 makaburu walipitisha sheria ya kugawa maeneo kwa rangi. Mwaka 1955 walianza kuwahamisha kwa nguvu watu wa Sophiatown na kuwapeleka Meadowlands, wakabomoa nyumba na kujenga mtaa wa weupe walioupa jina la Triomf, yaani ushindi. Vijana wa Sophiatown walipenda sana sinema na mavazi ya Marekani, hata genge lao moja likajiita The Americans. Kwa hiyo waliokuwa Wamarekani kwa kofia na viatu walifukuzwa na watu waliokuwa wakijenga, kwa sheria zao wenyewe, mji wenye mgawanyo wa Kimarekani. Hakuna haja ya kudai kwamba makaburu waliiga. Marekani ilitenganisha watu kwa benki na ramani, Afrika Kusini kwa pasi na polisi, tena wakati weusi ndio walio wengi. Tofauti hiyo ni kubwa na isifichwe. Hata hivyo, sheria ile ilipofutwa mwaka 1991 mji haukubadilika umbo. Mitaji iliuhama mji wa kati kama ilivyouhama wa Detroit: hoteli ya Carlton ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na soko la hisa likahamia Sandton mwaka 2000, katika kitongoji kilichojengwa kwa ajili ya wenye magari.

Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, tunaupata miguuni mwa wafanyakazi. Desemba 1955 weusi wa Montgomery, Alabama, walisusia mabasi yaliyowabagua, wakatembea na kupeana lifti kwa siku 381. Januari 1957 watu wa Alexandra, kaskazini mwa Johannesburg, walisusia mabasi baada ya nauli kupandishwa kutoka peni nne hadi tano, wakatembea kwenda na kurudi kazini kwa miezi kadhaa. Kule waligombea utu, huku peni moja. Lakini katika miji yote miwili mabwana waligundua kwamba jiko, kiwanda na bustani haviendi bila mtu anayekaa mbali.

Alexandra ingalipo, na Sandton iko ng'ambo ya barabara kuu ya M1. Katika miaka ya 2010 lilijengwa juu ya barabara hiyo daraja la waenda kwa miguu na baiskeli, kwa ajili ya watu wa Alexandra wanaofanya kazi Sandton.