Kuwekewa na Kutolewa: Uhakiki wa Lugha ya Misimbo na Ankara za Vijiti vya Uzazi Kolwezi

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wameandika mengi kuhusu riwaya, ushairi na tamthilia. Rejesta ya kituo cha afya, hati ya malipo na orodha ya magonjwa wameziacha mikononi mwa makarani na wahasibu. Hata hivyo, hizi nazo ni matini. Zina mwandishi, zina msomaji, na zina njia zake za kumtaja au kumnyamazisha mhusika.

Makala haya yanahakiki matini zinazokutana pale mwanamke wa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, anapokwenda kituoni kwa ajili ya vijiti vya kuzuia mimba, ambavyo Tanzania na Kenya huitwa pia vipandikizi. Matini hizo ni nne: Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002, Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, taarifa ya mwezi ya kituo cha afya, na Kiswahili chenyewe cha Katanga. Hoja kuu ni kwamba matini za maandishi hukitaja kijiti kinapoingia mkononi, lakini hushindwa kukitaja sawasawa kinapotoka. Tendo lisilotajwa ni vigumu kulihesabu na kulilipia, na mwishowe huwa vigumu hata kulitenda.

2.0 Uzito wa neno "uzazi" Kolwezi

Kolwezi ni mji uliozaliwa na mgodi. Ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Tangu miaka ya 1920 kampuni hiyo ilifuata sera ya kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Ilifungua kliniki za wajawazito na watoto wachanga, na ilimwandika mke na watoto katika jalada la mfanyakazi. Kwa hiyo uzazi ulikuwa shughuli ya kampuni tangu awali: mtoto wa leo alionekana kuwa mchimbaji wa kesho. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalowaita wana wa Shaba watoto walioachwa na baba yao. Katika jina hilo neno baba halimlengi mzazi peke yake. Kampuni nayo ilijifanya baba.

Neno hilohilo lilipata maana nyingine katika miaka ya 1950. Hapo Ruwe, kambi ya wachimbaji wa Kolwezi, padri Placide Tempels na waumini wake walianzisha vuguvugu la Jamaa. Johannes Fabian, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1971, anaonyesha kuwa mafundisho ya Jamaa yalisimama juu ya mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Uzazi huo haukuwa wa mwili tu. Mtu aliweza kumzaa mwenzake kwa wazo na kwa mapendo.

Serikali nayo haikukaa kimya. Amri ya kikoloni ya mwaka 1933 ilipiga marufuku kutangaza na kuuza njia za kuzuia mimba. Mwaka 1972 Mobutu alileta kaulimbiu ya Kifaransa ambayo kwa Kiswahili ingekuwa "uzazi unaotamanika". Msomaji atazame kiambishi -ik- katika tafsiri hiyo: jambo linatamanika, lakini anayetamani hatajwi. Yawezekana ni mama, yawezekana ni mume, yawezekana ni dola. Sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 ilipiga hatua. Inataka ridhaa ya wanandoa wote wawili, lakini wasipoafikiana juu ya njia ya kutumia, inayapa nguvu mapenzi ya yule anayehusika. Hapa, angalau, mtamani amepata nafasi katika sentensi.

3.0 Milango minne ya Sheria ya Kazi

Katika mji wa migodi, swali la nani analipa huanzia kwa mwajiri. Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002 inamtaka mwajiri amhudumie kitabibu mfanyakazi na familia yake. Milango ya haki hiyo ni minne: ugonjwa, ajali, ujauzito na kujifungua.

Mwanamke anayetaka vijiti hapiti katika mlango wowote kati ya hiyo. Si mgonjwa, hajaumia, hana mimba, wala hajifungui. Amekuja ili mlango wa tatu na wa nne isifunguke kabla ya wakati autakao. Mfasiri mwenye moyo mpana aweza kusema kuwa kuzuia mimba ni sehemu ya huduma za uzazi. Mwenye mkono wa birika atasema kuwa herufi ya sheria hailitaji jambo hilo. Haki ya mwanamke, basi, inategemea msomaji wa matini, na huo ni udhaifu wa matini.

Kuna tatizo la pili. Hati ya matibabu inayotolewa kwa jina la mfanyakazi humrudia mfanyakazi. Mke anayetibiwa malaria hapotezi kitu mume akiiona hati hiyo. Mke aliyewekewa vijiti bila mume kujua aweza kupoteza mengi. Ankara, ambayo kwa mhasibu ni hesabu tu, kwake ni barua iliyoandikwa na mtu mwingine kuhusu mwili wake.

4.0 Mabano ya Uainishaji wa Kimataifa

Chapa ya kumi ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa iliidhinishwa na Baraza la Afya la Dunia mwaka 1990. Kwa sifa yake, iliwatambua watu wanaokwenda hospitali bila kuugua ikawatengea sura ya ishirini na moja, yenye herufi Z. Shughuli za kuzuia mimba zimo katika Z30. Mwanamke wa Kolwezi anapata humo mlango wa tano ambao Sheria ya Kazi haikumpa.

Lakini tuingie ndani. Msimbo Z30.1 ni wa kuweka kifaa cha kuzuia mimba, na neno linaloonyesha kuwa kifaa hicho ni cha ndani ya mji wa mimba limewekwa kwenye mabano. Kwa kanuni za uainishaji huo, neno lililo katika mabano ya namna hiyo halibadilishi msimbo. Hivyo kijiti cha mkononi chaweza kuingia humo kupitia mabano ya kifaa kingine, mithili ya mgeni aliyelazwa ukumbini kwa kuwa nyumba ilijengwa kabla hajafahamika.

Kasoro kubwa zaidi iko katika Z30.5, msimbo wa uangalizi. Chini yake yamekusanywa matendo matatu: kukagua kifaa, kukiweka tena na kukiondoa. Anayeendelea na anayeacha wanapewa namba moja. Kwa mtakwimu wote wawili wako chini ya uangalizi, ingawa mmoja wao amekuja kusema kwamba uangalizi umekwisha.

Je, lugha ya misimbo haina uwezo wa kutofautisha? Inao. Nchini Marekani, ambako kila tendo la daktari hudaiwa malipo yake, orodha ya matendo inatoa namba tatu: 11981 kwa kuweka, 11982 kwa kutoa, na 11983 kwa kutoa na kuweka tena papo hapo. Mwaka 2016 orodha yao ya utambuzi iliongezewa namba za vijiti peke yake, Z30.017 na Z30.46; hata hivyo hiyo ya pili imerudia mkusanyo uleule wa kukagua, kurudishia na kuondoa. Tofauti ilipatikana pale fedha zilipoidai. Sababu ya mwanamke kuja, ambayo ndiyo kiini cha utambuzi, ilibaki palepale.

5.0 "Waliokubali" wa taarifa ya mwezi

Kituo cha afya cha Dilala au Manika hakiishi kwa misimbo ya Marekani. Kinachoandikwa kila mwezi ni hesabu za mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Humo wanawake wa uzazi wa mpango hugawanywa mafungu mawili kwa Kifaransa: waliokubali wapya, na wanaorudia.

Kukubali ni jibu. Anayekubali ametanguliwa na anayependekeza, na mwanamke aliyetembea kutoka nyumbani kwake kuja kuomba kijiti anaandikwa kana kwamba kijiti kilimfuata yeye. Tena, fungu la pili linamjua anayeendelea tu. Anayetaka kuacha hana nafasi katika mgawanyo huu.

Ifahamike kuwa suala hili si la maneno matupu. Jadelle ina vijiti viwili na iliidhinishwa kwa miaka 5. Implanon ina kijiti kimoja cha miaka 3. Havitoki vyenyewe. Kila kuwekewa ni ahadi ya kutolewa, iwe muda umekwisha au mwanamke amebadili nia mapema. Mwaka 2013 bei ya Jadelle kwa nchi maskini ilishushwa kutoka takriban dola 18 hadi dola 8.50, jambo lililowafungulia njia wanawake wengi. Lakini bei hiyo ni ya vijiti. Haimo ganzi, wembe na mkono wenye ujuzi utakaohitajika miaka kadhaa baadaye.

Aidha, kanda nyingi za afya nchini Kongo hutoza malipo ya jumla kwa kila kipindi cha ugonjwa. Kipindi cha kijiti kinaanza lini na kinakwisha lini? Mwanamke aliyelipa alipowekewa ana sababu ya kudhani amelipia safari nzima. Kituo kina sababu ya kudai kuwa hii ni safari mpya. Matini iko kimya, na katika ukimya huo asiye na fedha hurudi nyumbani na kijiti chake mkononi.

6.0 Kiswahili kinatoa nini?

Kiswahili hakina upungufu hapa. Vitenzi vyake vinamweka mwanamke katikati ya tendo: kuwekewa, kukaguliwa, kutolewa, kurudishiwa. Wachunguzi wa lahaja ya Katanga watakumbuka pia kitenzi "kutosha", ambacho kule kina maana ya kutoa au kuondoa. Msomaji wa Dar es Salaam akilisikia ombi la kutosha kijiti atadhani mtu anazungumzia kiasi. Kosa lake lina mafunzo: kwa mwanamke wa Kolwezi kijiti kimetosha kwa maana zote mbili. Hata neno "mteja", lililozoeleka katika huduma za uzazi wa mpango Tanzania, lina faida ya kutomwita mgonjwa mtu mzima wa afya, ingawa linanuka duka.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu haudai kwamba istilahi pekee zitamtoa mwanamke kijiti. Unadai kwamba rejesta yenye safu ya "ametolewa kwa ombi lake", na ankara inayosema tangu siku ya kwanza iwapo kutolewa kumelipiwa, zingembana mlipaji na mtoa huduma kwa namna ambayo maneno "uangalizi" na "waliokubali" hayawezi. Kazi hiyo ni ya wanaisimu na wafasiri kama ilivyo ya waganga. Ruwe, mahali ambapo wachimbaji waliwahi kuufikiria uzazi kwa kina kwa Kiswahili chao, si haki mjukuu wao aingie kituoni akiwa na neno kamili mdomoni, atoke akiwa ameandikwa kwa namba isiyosema alikuja kufanya nini.