Hongera, Dalali Muungwana

Madalali wa nyumba wa Dar es Salaam wamesemwa sana, na mengine ni haki yao: unaitwa Sinza kuona chumba kilichopangishwa tangu juzi, na hela ya kuonyeshwa hairudi. Leo nawapongeza wale wengine.

Nimemwona mmoja Tabata akipeleka mteja kwenye chumba ambacho mpangaji wake hajahama. Alipiga simu kwanza. Mlangoni akabisha hodi, akangoja, akavua viatu, akamwamkia bibi mwenye nyumba kabla ya kutaja kodi. Kisha, bila kuulizwa, akamwambia mteja kuwa umeme wa LUKU ni wa kuchangia na maji hutoka kwa zamu. Mteja hakukichukua chumba. Dalali akamshukuru vilevile, akamsindikiza hadi kituo cha daladala.

Na hapo hakupata kitu! Udalali, ambao kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, hulipwa mpangaji akishakubali. Mpangaji naye mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Anayemwambia ukweli mapema amemwokolea fedha nyingi.

Madalali waungwana, hongereni. Nanyi mliopata nyumba kupitia kwao, walipeni bila kuwazungusha.