Inamisha Sahani Kabla ya Kusifu

Kuna sahani ya spageti inayosifiwa Eldoret siku hizi ambayo haistahili hata kumalizwa. Inaitwa carbonara. Imezamishwa katika krimu, juu imerundikiwa jibini ya manjano inayovutika uma ukiinuliwa, na chini yametuama maji meupe. Watu ninaowaheshimu wameipiga picha na kuwahimiza wengine waende. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kwetu kibaya kinatembezwa na wateja wenyewe, na anayeumia ni mpishi mzuri wa mtaa wa pili.

Mji huu hauna udhuru wa kutoijua pasta. Mwanariadha wetu Moses Tanui alikuwa mtu wa kwanza kukimbia nusu marathoni chini ya saa moja, na mbio zenyewe zilikuwa Milano, mwaka 1993: dakika 59 na sekunde 47. Daktari Gabriele Rosa wa Brescia na kocha Renato Canova wamewanoa wanariadha wa nyanda hizi kwa miaka mingi. Vijana wetu wamekula pasta huko Italia kwenyewe, kisha wanarudi nyumbani, wanawekewa uji na kunyamaza.

Basi tazama dimbwi. Asiyejua hutazama juu ya sahani: rangi, jibini, jani la basili. Anayejua huisogeza spageti kando kwa uma, akainamisha sahani kidogo, akaangalia kinachotiririka. Mchuzi mzuri hautiririki. Umeshikana na kila uzi, na ukimaliza kula hubaki utando mwembamba tu, wa kufutwa kwa kipande cha mkate. Ukiona maji yamejitenga upande mmoja na mafuta upande mwingine, ujue pasta ilichemshiwa huku, mchuzi ukapikiwa kule, vikakutanishwa sahanini dakika ya mwisho.

Hapa Eldoret kosa hilo lina chanzo chake. Tuko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hutokota kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Dakika za kwenye pakiti hazikupimiwa huku. Mpishi anayefuata saa ya ukutani huitoa pasta ikiwa na kiini kibichi. Akilalamikiwa, kesho yake huichemsha mpaka ivurugike. Mpishi hasa huing'ata. Huitoa ikiwa bado ngumu, huitia kwenye kikaango cha mchuzi pamoja na upawa wa maji yale yale ya chumvi yaliyojaa wanga, kisha huirusha na kuigeuza juu ya moto. Wanga huo ndio unaofunga maji na mafuta yakawa kitu kimoja. Anayemwaga maji yote ya pasta amemwaga nusu ya mchuzi wake.

Mpishi bora niliyemwona akifanya hivyo alifunzwa kazi Malindi, mji ambao Waitaliano waliuzoea tangu mradi wa roketi wa San Marco wa miaka ya 1960. Alipopanda bara alikuta dakika zake za pwani hazimfai. Hakulaumu pasta wala jiko. Alianza upya kuonja uzi mmoja mmoja mpaka akaijua Eldoret. Mwingine nilimwona akichemsha spageti asubuhi, akaipaka mafuta, akaihifadhi ndooni, na kila mteja akiagiza anaichovya kwenye maji moto. Uzi uliopakwa mafuta hauwezi kushika mchuzi, ndiyo maana krimu huitwa ije kufunika aibu. Carbonara haina krimu. Ina mayai, jibini ya pecorino, shavu la nguruwe lililokaushwa na pilipili manga, basi. Wako pia wanaotia sukari katika ragù, mchuzi wa nyama. Accademia Italiana della Cucina iliweka mapishi yake katika Chemba ya Biashara ya Bologna mwaka 1982, na humo hamna sukari wala kitunguu saumu. Mikahawa ya Kisomali, inayoandaa basta na ndizi mbivu pembeni, urithi wa Mogadishu ya enzi za Waitaliano, huwa na adabu zaidi kwa pasta kuliko hawa.

Mengine ni mafupi. Menyu izidipo ukurasa mmoja, ondoka. Kuku wa tikka hana kazi juu ya pitsa. Pitsa ichunguzwe chini: isipokuwa na madoa meusi ya moto, tanuri lilikuwa baridi. Jibini ikunwe mbele yako, na mji wenye kiwanda cha Doinyo Lessos hauna sababu ya kulishwa vipande vya plastiki. Pasta haibebwi na boda. Ikifungwa kwenye kopo imekufa kabla ya kufika barabarani.

Zamani mtu aliketi, akaagiza, akasubiri, na mpishi alichungulia mlangoni kuona sura yake anapoonja. Uso wa mteja ndio uliokuwa mtihani. Siku hizi sura imeinamia simu, na mpishi hana uso wa kuusoma.

Kwa hiyo ukiingia mkahawa mgeni, agiza spageti ya nyanya tupu, isiyo na pa kujificha. Inamisha sahani. Dimbwi likitokea, lipa, mwambie mhudumu sababu kwa heshima, na usiandike sifa popote. Sahani ikiwa kavu na nyuzi zinang'aa, omba kumwona mpishi, umshukuru, na urudi Jumamosi na watu wako. Tukiendelea kusifu madimbwi, huyu mmoja anayeng'ata uzi kabla ya kuutoa motoni atahamia Nairobi, nasi tutabaki na ndoo.