Ayala wa Córdoba yuko Doha: na vyuo vyetu je?



Mtu akitaka kuiona Hispania ndani ya jumba moja, wengi humwelekeza New York, kwenye Hispanic Society aliyoiasisi Archer Huntington mwaka 1904: makumbusho na maktaba pamoja. Mie niko Doha, na Hispania yangu ni ayala mmoja tu.

Ni ayala jike wa shaba, wa karne ya 10, kanakshiwa majani ndani ya miduara mwili mzima. Ni mali ya Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, lile jengo la I. M. Pei lililofunguliwa 2008. Anahusishwa na Madinat al-Zahra, mji wa makhalifa ulioanza kujengwa mwaka 936 nje ya Córdoba. Aliuzwa mnadani London mwaka 1997 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mwenziwe wa kiume kabaki Hispania.

Nimemtazama mara nyingi, na kila mara nasema ni mzuri, lakini ni mzuri kama kito. Kazi yake haikuwa hiyo. Alikuwa mdomo wa chemchemi: maji yakipanda tumboni, yakimtoka kinywani. Leo ni mkavu, na hata angerudishwa kwao, jumba lake lilishabomoka karne ya 11.

Huntington naye aliepuka kununua michoro ndani ya Hispania kwenyewe, asije akaipora nchi aliyoipenda. Uungwana huo nausifu. Ila mwaka 1902 alinunua maktaba nzima ya Marquis wa Jerez de los Caballeros, ikavuka bahari. Yaani michoro ilionewa huruma, vitabu havikuonewa.

Hapo ndipo naguswa. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate. Nakala yake ya mwaka 1728 imehifadhiwa Hamburg. Lakini chuo si ayala. Kazi ya chuo ni kusomwa, na kazi hiyo bado inawezekana popote kilipo, mradi wenye lugha wakifikie. Kwa hiyo tukilia tu "turudishiwe", na huku hatusomi khati za Kiarabu za mababu zetu, tunataka kito kingine cha kutazama.

Basi nauliza: nani kati yetu aliyeko Ujerumani amekisoma chuo chenyewe, si toleo la chapa? Atuambie alichokiona.

Wassalaam.