Mlango wa Senema

Mwanafunzi wa Pap Onditi atazamapo senema huongea na wenziwe mpaka majina ya waigizaji yaishe, akidhani hadithi haijaanza. Amekosea. Katika Out of Africa ya Sydney Pollack, ya mwaka 1985, majina hupita huku garimoshi likikata mbuga za Kenya na muziki wa John Barry ukipanda. Ni mandhari ya kupendeza, sikatai. Lakini nchi yaonekana kwa mbali, nasi wenyeji twafundishwa kuitazama kama wapita njia.

Linganisha na Darwin's Nightmare, picha ya mambo ya kweli ambayo Hubert Sauper wa Austria aliipiga Mwanza, ikatolewa mwaka 2004. Kivuli cha ndege chateleza juu ya maji ya ziwa letu. Kisha twamwona mwongoza ndege mnarani, akihangaika kuwapiga wadudu. Hatujaelezwa neno, lakini swali limekwisha kuzaliwa: ndege hii yaja kuchukua nini? Jibu ni minofu ya sangara, wale tuwaitao mbuta, iendayo Ulaya. Na baadaye twaulizwa jambo zito zaidi, yaani ndege huleta nini. Sauper naye ni mgeni, tena aanzia angani. Lakini kivuli chake kimeanguka majini, mahali ambapo mvuvi aweza kukiona.